Kisado, debe na kilo: nini hasa kinapimwa sokoni Kigoma?

Kila msimu wa mavuno neno lumbesa hurudi redioni. Kiongozi husimama mbele ya wakulima wa Kasulu, Buhigwe au Urambo, akakemea magunia yaliyoshonewa nyongeza juu, na haupiti muda maswali yanaanza. Je, debe nalo limepigwa marufuku? Mama anayeuza dagaa kwa kisado, kile kindoo cha lita nne, pale Kibirizi anavunja sheria? Na kama kilo ndiyo kipimo cha haki, mbona sokoni Mwanga karibu kila mtu bado anauliza "kisado bei gani"?

Maswali haya yamefungwa pamoja kama ni jambo moja, wakati ni mambo tofauti kabisa. Kwa maoni yangu, kuyachanganya kunamgharimu mkulima wa mkoa huu pesa nyingi kuliko anavyodhani, kwa sababu mtu asiyejua anapimiwa nini hawezi kujua amepunjwa wapi. Basi tuyafungue taratibu.

Tuanze na maneno yenyewe. Uzito ni kile ambacho mizani inasoma: gramu, kilo, tani. Ujazo ni nafasi ambayo kitu kinachukua ndani ya chombo: lita, chupa, kisado, debe, dumu. Halafu kuna makadirio ya jicho na mkono: fungu la nyanya, tita la kuni, kicha cha mchicha, mtungo wa samaki, konzi ya karanga. Haya ya mwisho hayapimi uzito wala ujazo. Yanapima kile ambacho muuzaji na mnunuzi, wakiwa wamesimama mahali pamoja na bidhaa ikiwa mbele yao, wamekubali kukihesabu kuwa kimoja.

Kipimo rasmi ni kile kilichotajwa na sheria ya nchi na chenye chombo cha serikali cha kukihakiki. Kipimo kisicho rasmi ni kile kinachotambuliwa na watu wa soko bila kuandikwa popote. Kutokuwa rasmi si sawa na kutokuwa sahihi. Kisado kizima, kisichobonyezwa, kinapima lita nne asubuhi na jioni, kwa tajiri na kwa maskini. Mizani iliyolegea springi, hata kama ni rasmi kwa jina, haifanyi hivyo.

Debe ni kilo ngapi?

Hili ndilo kosa la kwanza, na nimelisikia kwa watu wazima wenye biashara zao: "Debe moja ni kilo ishirini." Si kweli, isipokuwa ukiwa unauza maji.

Debe la asili lilikuwa bati la mafuta ya taa lenye ujazo wa galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 na kidogo. Mafuta yakiisha, bati halikutupwa. Lilitumika kuchotea maji, kupimia nafaka, kukaangia maandazi. Leo ndoo ya plastiki ya lita 20 imelirithi jina lake. Kwa hiyo hata kabla hujamimina kitu ndani, debe la babu na debe la mjukuu yanatofautiana karibu lita mbili.

Sasa chukua madumu matatu ya lita 20 yaliyo sawa kabisa. La kwanza litie maji, la pili mawese ya Simbo, la tatu asali ya Tabora. Ujazo ni mmoja, lita 20 kila moja. Yapandishe kwenye mizani. Maji yatakuwa kilo 20. Mawese yatakuwa kama kilo 18, kwa sababu mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana huelea. Asali itakuwa karibu kilo 28, kwa sababu lita moja ya asali ina uzito wa kama kilo 1.4. Kati ya dumu la mawese na dumu la asali kuna tofauti ya kilo kumi, na madumu kwa macho ni pacha.

Mfugaji nyuki wa Sikonge au Kaliua anapaswa kulijua hili kuliko mtu mwingine yeyote. Tuseme, kwa mfano tu, mnunuzi mmoja anampa shilingi 10,000 kwa lita na mwingine anampa shilingi 8,000 kwa kilo. Wengi watakimbilia elfu kumi. Lakini lita moja ni kilo 1.4, na kilo 1.4 kwa shilingi 8,000 ni shilingi 11,200. Aliyeonekana bahili ndiye anayelipa zaidi. Muuza mawese wa Kigoma hesabu yake ni kinyume: kwake lita moja haifiki kilo, kwa hiyo bei ya kilo ikiwa sawa na bei ya lita, anayeuza kwa kilo ndiye anayeumia.

Nafaka zina jambo la ziada, nalo ni hewa. Kati ya punje na punje kuna nafasi. Lita moja ya mahindi makavu huwa na uzito wa kama gramu 720, kutegemea aina na ukavu wake. Kisado cha lita nne kilichosawazishwa juu kinabeba basi karibu kilo tatu kasoro, na ndoo ya lita 20 iliyosawazishwa inabeba kilo 14 na nusu hivi. Unga ni mwepesi zaidi kwa kila lita, na karanga zenye maganda ni nyepesi mno. Dagaa wakavu ndio usiseme: samaki mwenyewe amekauka, halafu kila mmoja amejikunja upande wake, kwa hiyo ndoo iliyojaa dagaa ni hewa tupu yenye harufu nzuri. Anayeuliza "debe ni kilo ngapi" hajamaliza swali mpaka aseme debe la nini.

Kilima juu ya chombo

Hata tukikubaliana juu ya chombo na juu ya bidhaa, bado kuna swali la tatu, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea: chombo kimejazwaje?

Wazee wa Pwani walikuwa na neno mfuto kwa kipimo kilichopanguswa juu kwa mkono au kijiti mpaka kikawa sawa na ukingo. Kinyume chake ni kipimo cha kilima, kinachomwagiwa mpaka nafaka zinaporomoka pembeni. Na katikati ya hayo kuna kutikisa na kushindilia: mtu akigonga debe chini mara tatu nne, punje zinajipanga, hewa inapungua, na nafasi ya kuongeza inapatikana.

Kilima kinaongeza kiasi gani? Inategemea upana wa mdomo wa chombo. Ndoo yenye mdomo wa sentimita 30 ikijazwa mahindi kwa kilima, kile cha juu tu huwa kama lita moja na nusu. Chukua beseni lenye mdomo wa sentimita 50 ulijaze hivyo hivyo: kilima chake huzidi lita saba. Sababu ni kwamba kilima kikipanuka chini hurefuka pia juu, kwa hiyo ukiongeza upana wa mdomo mara mbili, kilima kinaongezeka mara nane. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu anayekuja kijijini hupenda chombo kifupi chenye mdomo mpana, na ndiyo maana muuzaji mzoefu wa rejareja hupenda kopo jembamba refu. Hakuna aliyedanganya kuhusu ujazo wa chombo. Kilichofichika ni kile kilichokaa juu ya ukingo.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Huko Ufaransa kabla ya mapinduzi ya 1789, kupimiwa kwa kilima au kwa mfuto kulikuwa chanzo kikubwa cha uchungu wa wakulima. Bwana mwenye ardhi aliweza kupokea kodi ya nafaka kwa chombo kilichofurika, huku nafaka ikitoka ghalani mwake kwa chombo kilichofutwa. Mwaka huo wananchi walipoandika malalamiko yao kwa mfalme, miongoni mwa madai yaliyorudiwa ni kuwa na mfalme mmoja, sheria moja, uzani mmoja na kipimo kimoja. Mfumo wa meta na kilo tunaoutumia leo ulizaliwa Ufaransa miaka michache baadaye, ukawekwa kisheria 1795, na tarehe 20 Mei 1875 mataifa 17 yakatia saini Mkataba wa Meta mjini Paris. Kilo, kwa hiyo, mizizi yake mingine iko katika kilio cha mkulima aliyechoka na vilima.

Fungu halipimi bidhaa

Fungu linastahili kutazamwa peke yake kwa sababu linafanya kazi kwa namna tofauti na vyote tulivyotaja. Kwenye kilo, kiasi kimesimama na bei inatembea. Kwenye fungu, bei imesimama na kiasi kinatembea.

Angalia dagaa wa ziwa letu. Wavuvi wa Tanganyika huwavuta dagaa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa hazina nguvu, na mitumbwi mingi hupumzika kwa siku kadhaa. Sokoni Ujiji, siku za giza na siku za mwezi, fungu la dagaa linaweza kubaki shilingi elfu moja ile ile. Mnunuzi akiulizwa, atasema bei haijapanda. Lakini fungu limenyauka. Bei imepanda sana tu, ila imepanda ndani ya fungu ambako hakuna anayeiandika.

Wengine huuita huu utapeli. Sioni hivyo. Mama mwenye meza anashughulika na wateja wenye noti ya elfu moja au sarafu ya mia tano, na chenji ni tabu. Fungu linamruhusu mteja kuona kwa macho anachopata, kulinganisha na meza ya jirani, kusema "mama, ongeza basi kidogo", na kuondoka au kununua. Hakuna kilichofichwa mezani. Ila ni kweli kwamba mtu anayetaka kujua kama chakula kimepanda bei Kigoma hatapata jibu kwa kuuliza bei ya fungu. Inambidi alibebe fungu akalipime.

Uyoga wa msitu wa miombo unaouzwa kando ya barabara za Tabora wakati wa mvua nao huenda kwa fungu au sahani. Kuupima kwa kilo kungekuwa kumlipa muuzaji kwa maji ya mvua.

Si mambo ya watu wasiosoma

Kuna dhana kwamba vyombo hivi ni alama ya umaskini na kukosa elimu, na kwamba nchi zilizoendelea zilishaachana navyo. Dhana hii ikae pembeni.

Marekani hadi leo hupika kwa kikombe, na kikombe chao ni kama mililita 237, wakati cha Australia ni 250. Kijiko kikubwa cha Australia ni mililita 20. Kwingine kwingi ni 15. Mtu akifuata maelekezo ya keki ya nchi moja kwa kijiko cha nchi nyingine, atashangaa imeharibikia wapi. Japani ilishaingia katika mfumo wa kilo na lita zamani, lakini kikombe kinachokuja na jiko la umeme la kupikia wali bado ni cha mililita 180, kwa sababu kipimo chao cha kale cha mchele, kinachoitwa go, hakikukubali kufa. Mafuta ghafi ya dunia nzima, yale yanayotikisa bei ya petroli Kigoma, huuzwa kwa pipa: galoni 42 za Marekani, kama lita 159. Ni chombo cha karne ya 19 ambacho leo karibu hakuna anayesafirishia mafuta ndani yake, ila bei bado inatajwa kwa jina lake.

Afrika nzima imefanya jambo lenye akili sana ambalo halipewi heshima yake. Kenya wana gorogoro, bati la mafuta ya kupikia linalobeba kilo mbili na ushei za mahindi. Nigeria wana derica, kopo lililotokana na nyanya za kopo za De Rica. Ghana wana olonka. Zambia wana meda. Rwanda wana mironko. Kinshasa watakuuzia unga kwa ekolo. Ethiopia kikombe kidogo cha kahawa, sini, kinapima viungo. Wahausa wana mudu, ambayo jina lake linatokana na mudi ya Kiarabu, na mudi nne ni swaa moja, kipimo cha Kiarabu cha zaka ya Idi. Sisi huku tulikuwa na mpangilio huo huo kwa majina mengine: vibaba vinne ni pishi moja, na mpaka leo misikitini Ujiji na Tabora zakatul-fitri hutajwa kwa pishi, ikikadiriwa kilo mbili na nusu za chakula.

Tazama ni nini kinarudiwa: bati la mafuta ya taa, bati la mafuta ya kupikia, kopo la nyanya, ndoo ya rangi. Watu ambao hawakujuana, katika lugha zisizofanana, walichagua vyombo vya kiwandani. Waliona kwamba kiwanda hutoa makopo elfu yaliyo sawa. Chungu cha mfinyanzi hakifanani na kingine, kapu la msusi halifanani na jingine, ila bati la mafuta lililofika Kigoma kwa reli lilikuwa sawa na lililobaki Dar es Salaam. Soko lilijitafutia kipimo kinachofanana kila mahali, bila bunge na bila mkataba. Huo ni usanifishaji kamili, na walioufanya ni wachuuzi.

Nao walikuwa na uzoefu wa kutosha. Tabora na Ujiji ni miji iliyokua kwa kupima. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, kama ratli 35, kilo 16 hivi. Mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi katika safari ya kwenda Bagamoyo ulikuwa takriban frasila mbili. Nguo zilipimwa kwa mkono, toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati: mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti. Neno doti limebaki hai kila duka la kanga. Mkono ulikuwa na kasoro iliyo wazi, kwamba mikono ya watu haifanani. Mfanyabiashara mwenye wapimaji wawili, mrefu wa kununulia na mfupi wa kuuzia, angetajirika bila kumwibia mtu hata uzi mmoja mbele ya macho yake. Shikilia mfano huu, kwa sababu ndio ufunguo wa sehemu inayofuata.

Lumbesa ni kitu gani basi?

Lumbesa, au rumbesa kama wengine wanavyoandika, si kipimo. Hakuna idadi ya kilo inayoitwa lumbesa. Ni kitendo cha kujaza gunia kupita kiwango chake, kwa kushonea kipande cha gunia jingine au wavu juu, halafu kulilipia kama gunia moja. Ni kilima kile kile cha debe, ila sasa kimeshonwa.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inasimamiwa na Wakala wa Vipimo, ulioanza 2002. Kwa mazao ya shamba, msimamo unaorudiwa kila mwaka ni kwamba kifungashio kisizidi kilo 100. Angalia maneno hayo: kilo 100. Hayasemi madebe sita wala saba. Hapa ndipo mabishano mengi ya vijijini yanapozaliwa. Mkulima anaambiwa "gunia ni debe sita, ya saba ni lumbesa." Lakini tumeona kuwa ndoo ya mfuto ya mahindi ni kilo 14 na nusu. Kwa ndoo za namna hiyo, kilo 100 ni karibu madebe saba. Kwa ndoo zilizogongwa chini na kujazwa kilima, madebe sita tu yanatosha kufika kilo 100. Gunia la debe saba linaweza kuwa halali kabisa, na gunia la debe sita linaweza kuwa limeshafika mwisho. Anayehesabu madebe peke yake hawezi kujua.

Kwenye viazi, vitunguu na mkaa ndiko lumbesa hutisha zaidi, kwa sababu vitu hivi huuzwa kwa gunia bila hata debe la kati. Na anayelipa si mkulima tu. Kuli wa stesheni anayebebeshwa gunia la kilo 130 analipwa kwa gunia moja. Ukikumbuka mpagazi na frasila zake mbili, inauma kuona tumerudi nyuma.

Na kisado je? Wakala wa Vipimo huhimiza mizani badala ya ndoo na makopo, na mizani ya biashara hutakiwa kuhakikiwa kila mwaka na kuwekewa alama ya uhakiki. Kwa mujibu wa sheria, hapo ndipo biashara inatakiwa kuelekea. Lakini kisado na lumbesa si kosa moja, na kuyaweka kapu moja ni kuwaonea akina mama wa sokoni. Mteja wa kisado anakiona chombo, anaona kinavyojazwa, na anachokiona ndicho anachokibeba nyumbani. Lumbesa hufanyika pale ambapo mkulima ana haraka ya ada ya shule, mnunuzi ni mmoja, na lori linanguruma barabarani.

Hasara inapoingilia

Sasa rudi kwa mpimaji mrefu na mpimaji mfupi. Mnunuzi anaingia kijiji cha Kasulu kuchukua maharage kwa debe la kilima. Anayafikisha mjini, anayauza kwa kisado cha mfuto. Kwa gunia la madebe sita, vilima sita vya lita moja na nusu na ushei vinakaribia lita kumi. Hizo ni visado viwili na nusu ambavyo havikununuliwa na vimeuzwa. Mara magunia mia moja, ni visado 250, na hakuna mtu mmoja katika mnyororo huo anayeweza kusema aliona wizi.

Au ananunua kwa debe na kuuza kwa kilo. Hapo mkulima hajui hata aanzie wapi kulinganisha, kwa sababu bei aliyoisikia redioni ni ya kilo na bei anayopewa ni ya debe. Akiamini kwamba debe ni kilo 20, ataigawanya vibaya na kuona amepunjwa mahali asipopunjwa, kisha apunjwe mahali asipopaangalia. Kuwepo kwa vipimo viwili si tatizo. Tatizo ni bidhaa moja kuingia mkononi mwa mtu kwa kipimo kimoja na kutoka kwa kingine, na kati ya hivyo viwili asiwepo anayefanya hesabu isipokuwa yeye.

Nisije nikaeleweka kwamba kilo inamaliza kila kitu. Kilo ina mlango wake wa nyuma, nao ni unyevu. Kiwango cha unyevu kinachokubalika kwa mahindi ya biashara Afrika Mashariki ni asilimia 13.5. Mahindi ya kilo 100 yenye unyevu wa asilimia 20 yakikaushwa mpaka hapo, hubaki kilo 92 na nusu. Kilo saba na nusu zimepaa hewani. Anayenunua mabichi kwa kilo amenunua maji. Anayekausha vizuri halafu akalipwa bei ile ile na jirani aliyeuza mabichi ameadhibiwa kwa bidii yake. Kwa dagaa jambo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wa samaki mbichi ni maji, na dagaa waliokaushwa siku moja ya mawingu si sawa na waliokaushwa jua kali. Hapo mkono na pua ya mnunuzi mzoefu vinaona kitu ambacho mizani haikioni.

Kuhakiki chombo chako mwenyewe hakuhitaji ofisa. Lita moja ya maji safi ina uzito wa kilo moja. Tafuta mizani unayoiamini, weka kisado kitupu uandike uzito wake, kijaze maji mpaka ukingoni, pima tena, toa ule wa kwanza. Kinachobaki kwa kilo ndicho ujazo kwa lita. Ukipata 4, kisado ni kizima. Ukipata 3.6, kimebonyezwa kitako au si kisado. Ukiwa na jibu hilo, jaza maharage yako mwenyewe kwa mfuto, pima, halafu jaza kwa kilima, pima tena. Namba hizo mbili ziandikwe ukutani ghalani, kwa sababu ni za maharage yako, ya msimu wako, na ndizo zitakazokuambia bei ya debe ni sawa na bei gani ya kilo.

Wakulima wa tumbaku wa Tabora wana faida moja ambayo wakulima wa maharage wengi wa Kigoma hawana. Tumbaku hupitia chama cha msingi cha ushirika, marobota yakapimwa mbele ya watu na uzito ukaandikwa kwenye karatasi. Wana malalamiko yao mengine, juu ya madaraja na malipo yanayochelewa, lakini hawabishani kuhusu ukubwa wa ndoo. Maharage huuzwa uani, mkulima akiwa peke yake, kwa chombo alichokuja nacho mnunuzi. Mizani moja ya jukwaa, iliyohakikiwa na kuwekwa kwenye ghala la kijiji, inatosha kuhudumia kaya nyingi msimu mzima, na mnunuzi akifika na debe lake atakuta kilo zimeshaandikwa.